Cheti cha usimamizi bora wa wafanyakazi kianzie kwenye faili la dereva

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sisi ni watu wa rasilimali watu katika mashirika ya misaada mkoani Kigoma, na tuna jambo ambalo hatuwezi kuendelea kulinyamazia.

Siku hizi kila shirika, kubwa kwa dogo, linataka cheti cha kuthibitisha kwamba linasimamia watu wake vizuri. Hilo tunaliunga mkono kwa moyo wote. Kinachotusumbua ni njia inayofuatwa. Mkurugenzi akisikia mfadhili ameulizia cheti, haraka anatafutwa mshauri. Mshauri anajifungia hotelini wiki tatu, anatoka na mwongozo wa watumishi wenye kurasa mia na ushee, jalada linang'aa, sera zimo zote. Mwongozo unapelekwa kabatini. Mkaguzi akija, anaupokea, anaufunua kurasa mbili tatu, kisha anaomba faili la dereva. Hapo ndipo ofisi nzima inapoanza kutafutana.

Ombi letu kwa wakurugenzi na bodi zao ni moja: anzieni kwenye faili hilo la dereva, la mlinzi, na la mkimbizi anayezunguka na kipaza sauti akihamasisha usafi. Mwongozo utafuata.

Suala hili lilianzia jirani na hapa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, ikazaliwa kambi ya Benaco. Julai ya mwaka huohuo mamia ya maelfu wengine walimiminika Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Mashirika yalipeleka watu mbio mbio, wengi wao wakiwa hawajaandaliwa kwa kazi ya namna ile, na waliorudi walirudi na majeraha yasiyoonekana. Uchunguzi uliofanyika baada ya hapo ulionyesha kwamba wasaidizi wenyewe hawakuwa na wa kuwasaidia. Kutokana na hayo Uingereza ikapata taasisi iliyoitwa People In Aid, ikatoa kanuni za usimamizi wa wafanyakazi wa misaada mwaka 1997 na kuzirekebisha mwaka 2003. Misingi ilikuwa saba: mkakati wa rasilimali watu, sera na taratibu, usimamizi wa kila siku, mashauriano na mawasiliano, ajira na usaili, mafunzo, na afya pamoja na usalama. Shirika lililoahidi rasmi kuzifuata lilipata alama ya kwanza. Lililothibitishwa na mkaguzi kutoka nje lilipata ya pili.

Mwaka 2015 People In Aid iliungana na taasisi nyingine iliyokuwa ikisimamia uwajibikaji kwa waathirika, HAP International, ikazaliwa CHS Alliance. Tangu hapo kipimo kinachotumika ni Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, maarufu kwa kifupi chake CHS, kilichozinduliwa Copenhagen Desemba 2014 na kupata toleo jipya mwaka 2024. Kina ahadi tisa. Ya nane ndiyo yetu: watu walioathirika wahudumiwe na wafanyakazi na wanaojitolea wenye uwezo, wenye heshima na wanaosimamiwa vizuri.

Kuna mkanganyiko hapa ambao tungependa uondoke. Kwa njia ya CHS hakuna cheti cha ahadi ya nane peke yake. Shirika hukaguliwa kwa ahadi zote tisa. Linaweza kuanza kwa kujitathmini lenyewe kwa kufuata utaratibu wa CHS Alliance. Linaweza kuomba uthibitisho wa mtu wa nje usio na cheti. Au linaweza kuomba cheti chenyewe, ambacho hutolewa na HQAI, taasisi ya ukaguzi yenye makao yake Geneva. Alama ni kuanzia 0 hadi 4. Alama 3 maana yake umetimiza. Alama 2 ni kwamba mambo yanaenda ila kuna jambo la kuangaliwa. Alama 1 ni upungufu unaotakiwa kurekebishwa kwa muda maalumu. Alama 0 ni upungufu mkubwa, na ukiwa nayo hata moja, cheti hupati. Wastani mzuri hauifuti. Shirika linaweza kuwa na alama 3 kila mahali, likakwama kwa 0 ya sehemu moja iliyopuuzwa.

Swali la kwanza la mkaguzi ni hili: wafanyakazi wenu ni akina nani? Wakurugenzi wengi hujibu kwa idadi ya walio kwenye orodha ya mishahara. Kwa mujibu wa CHS, jibu hilo ni pungufu. Mfanyakazi ni yeyote anayewakilisha shirika: mwajiriwa wa kudumu, wa muda mfupi, mgeni kutoka nje, mwenyeji, anayejitolea, na hata mshauri aliyekodiwa wiki mbili. Katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wakimbizi wanaolipwa posho, kwa kuwa hawana kibali cha ajira. Ndio wanaopima watoto unene wa mkono, wanaotafsiri kwenye zahanati, wanaogawa sabuni, wanaolala kwenye ghala. Mkimbizi mwenzao anapolisema shirika, vizuri au vibaya, huwa anawazungumzia wao, maana mkurugenzi hajawahi kumwona.

Ukiulizia faili zao, mara nyingi unaonyeshwa karatasi ya kusaini posho. Basi. Hakuna maelezo ya kazi, hakuna tarehe ya kuanza, hakuna jina la mtu wa kuarifiwa wakiumia, hakuna kanuni za maadili walizosaini. Au zipo, lakini zimeandikwa Kiingereza, na aliyesaini anasoma Kirundi. Saini ya namna hiyo mkaguzi haipi uzito wowote, na ana haki. Yeye humuuliza mhusika kwa maneno mepesi: umekatazwa nini, na ukimwona mwenzako anafanya utamwambia nani? Akijibu sawasawa, hiyo ni hoja tosha hata kama karatasi imechanika. Akibaki anatazama chini, karatasi nzuri haitaokoa kitu. Kwa hiyo kanuni za maadili ziwe ukurasa mmoja, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, zisomwe kwa sauti siku ya kuanza kazi na zirudiwe kila baada ya miezi sita, tarehe na majina ya waliohudhuria yakiandikwa. Kazi hiyo inamalizwa asubuhi moja.

Sasa turudi kwa dereva, maana kwake ndiko mambo yote hukutana.

Fungua daftari la safari la gari lolote la shirika. Chukua Jumatano moja. Gari limetoka Kigoma mjini saa 11 alfajiri, limepita Kasulu, limeingia kambini, limerudi saa 2 usiku. Hizo ni saa 15. Sasa fungua orodha ya mishahara ya mwezi ule, tazama safu ya ovataimu mbele ya jina la dereva huyo: sifuri. Halafu fungua kumbukumbu ya likizo: hajachukua hata siku moja tangu mwaka juzi. Mkaguzi hahitaji kumhoji mtu. Madaftari matatu yamekwisha kusema, na yote matatu yameandikwa na shirika lenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha ovataimu, mtu hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na ovataimu yenyewe haipaswi kuzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Hesabu yake tunaiandika hapa kwa sababu tumeona ikikosewa mara nyingi. Dereva analipwa Sh600,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, kama Sh138,472. Gawanya kwa 45 upate wa saa, kama Sh3,077. Zidisha kwa 1.5, upate kama Sh4,616. Akifanya saa 20 za ziada kwa mwezi anastahili Sh92,300 hivi. Shirika lenye madereva 8 wa aina hiyo linadaiwa zaidi ya Sh700,000 kila mwezi, na deni hilo halimo kwenye bajeti yoyote iliyopelekwa kwa mfadhili.

Kwa kawaida utetezi unaotolewa ni kwamba dereva hulipwa posho ya safari, basi ovataimu imo humo humo. La hasha. Posho ya safari ni ya chakula na malazi. Ovataimu ni ya jasho. Kuchanganya viwili hivi ni kosa la kisheria, na kwa CHS ni upungufu, kwani kiwango kinataka taratibu za wafanyakazi zifuate sheria za kazi za nchi husika. Tena tusisahau kwamba dereva aliyeamka saa 10 usiku ndiye anayerudisha wauguzi na maofisa gizani kwenye barabara ya Kibondo. Uchovu wake ni hatari ya wote waliomo garini.

Dawa yake si ngumu. Safari ndefu zipewe madereva wawili au mtu alale njiani. Daftari la safari lipitiwe kila Ijumaa na ofisa usafirishaji pamoja na ofisa rasilimali watu, wakae meza moja, wakokotoe saa. Zikizidi, wapange mapumziko wiki inayofuata. Karatasi ya makubaliano ya ovataimu iwe faili moja na mkataba.

Faili lenyewe liwe na nini? Mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, na nakala yake iwe mkononi mwa mfanyakazi. Maelezo ya kazi ya leo, maana mtu aliyeajiriwa kuwa mhudumu wa ofisi mara nyingi unamkuta sasa ni mtunza ghala. Namba ya NSSF na uthibitisho kwamba michango imepelekwa kweli: asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi. Kumbukumbu za likizo. Tathmini ya mwaka yenye maneno ya msimamizi na ya anayesimamiwa. Kanuni za maadili. Leseni hai kwa dereva. Jina na simu ya wa kuarifiwa. Kumbukumbu hizi hutunzwa miaka 5 baada ya mtu kuondoka, na hapa mashirika mengi hujikwaa: mradi ukifungwa, ofisi inarudishwa kwa mwenye nyumba na maboksi yanabaki stoo na mchwa.

Kuhusu likizo, ya mwaka ni siku 28. Ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mama anapangiwa kwenda kambini asubuhi kurudi jioni wiki ya kwanza tu ya kurejea kazini, mtoto ana miezi mitatu, na hakuna aliyekaa naye kupanga ratiba upya. Shirika linalohubiri unyonyeshaji wa maziwa ya mama kwa wakimbizi linapaswa kuanzia kwa muuguzi wake.

Mikataba ya miezi mitatu mitatu nayo tuitazame bila kupepesa macho. Fedha za dharura huja kwa vipande, tunajua. Lakini mtu akiongezewa mkataba mara nane mfululizo, sheria inaweza kutambua kwamba ana matumaini ya haki ya kuongezewa tena, na kumwacha bila maelezo kukahesabika kuwa umemwachisha kazi. Anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na shirika linaweza kushindwa. Andika kwenye mkataba jina la mradi, tarehe ya mwisho wa fedha, na siku utakayomwambia kama upo mwingine. Kisha siku hiyo mwambie kweli.

Upande wa ajira tunataka tuseme kwa uchungu. Tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo ilitoa ripoti yake Septemba 2021. Iliorodhesha watuhumiwa 83, na 21 kati yao walitambuliwa kuwa walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake wa Beni na kwingineko walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi kwa kutoa miili yao, wengine walivyotishiwa kuipoteza kazi waliyokuwa nayo. Hawa walikuwa wasafishaji, wapishi, wahamasishaji: zile ajira ndogo ndogo ambazo hutolewa kwa neno la mdomo na mtu mmoja mwenye daftari. Unyanyasaji ulipata mlango pale ambapo usaili haukuwepo. Kwa hiyo tunaposema kwamba hata kibarua wa kupakua mahindi apatikane kwa tangazo lililobandikwa ubaoni, mbele ya watu wasiopungua watatu, mmoja wao mwanamke, majina yakichaguliwa hadharani na karatasi ya alama ikitunzwa, si kwamba tunapenda urasimu. Tunaufunga mlango huo.

Kwa nafasi za mkataba ongeza hatua moja. Tangu 2019 upo mpango wa mashirika kupeana taarifa za utovu wa nidhamu, unaosimamiwa na kamati ya mashirika makubwa ya kibinadamu ijulikanayo kama SCHR. Shirika lililojiunga huuliza waajiri wa miaka 5 iliyopita kama mwombaji aliwahi kukutwa na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Anayeulizwa ni ofisi ya rasilimali watu, wala si rafiki aliyeandikwa kuwa mdhamini. Mwombaji asaini ridhaa mapema, kwenye fomu ya maombi, kwa sababu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za mtu hazisambazwi ovyo. Barua ya ajira itolewe baada ya majibu kuja. Kinachoharibu hapa ni haraka: mradi umechelewa, mfadhili anapiga simu, mtu anaanza kazi Jumatatu na majibu yanakuja baada ya miezi miwili yakiwa mabaya.

Kuhusu usalama, tuitazame kesi ya jirani zetu. Tarehe 29 Juni 2012, msafara wa Shirika la Wakimbizi la Norway ulivamiwa Dadaab, Kenya. Dereva Mkenya aliuawa, wafanyakazi wanne wa kigeni wakatekwa na kupelekwa Somalia, wakaokolewa baada ya siku nne. Mmoja wao, Steven Dennis, alishtaki. Novemba 2015 mahakama ya Oslo iliamua kwamba mwajiri alikuwa na uzembe mkubwa, ikaamuru alipwe takriban kroner milioni 4.4, fedha za Norway. Tangu hukumu ile, neno la wajibu wa mwajiri kumlinda mtumishi limeacha kuwa pambo la semina.

Lakini mtazameni dereva katika habari hiyo. Duniani kote wafanyakazi wa misaada wanaouawa ni wenyeji kwa sehemu kubwa kabisa. Umoja wa Mataifa ulihesabu vifo 383 mwaka 2024. Mkaguzi wa ahadi ya nane atauliza kama mpango wa uhamisho wa dharura unamtaja mlinzi na mpishi au unawataja wageni peke yao. Atauliza kiasi cha bima ya kifo cha mwenyeji na cha mgeni, na kwa nini vinatofautiana. Atataka kuona kama mwenyeji aliyetolewa kwao Mwanza akapangiwa Kibondo ana siku za kupumzika kama mwenzake wa kutoka Ulaya. Kama jibu ni hapana, liandikwe kwenye mpango wa marekebisho pamoja na tarehe na kiasi cha fedha.

Nalo la kupunguza watu. Mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, mashirika mengi ya ukanda huu yalipoteza fedha kwa siku chache, na watu wakapoteza kazi. Uamuzi wa Washington haukuwa wa wakurugenzi wetu. Namna ya kuagana na watu ilikuwa yao. Sheria inataka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza, aeleze sababu kwa uwazi, na ashauriane juu ya njia za kuepuka, vigezo vya nani aondoke, muda na malipo. Mtu wa mshahara wa mwezi apewe notisi ya siku 28. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi alipwe siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, pamoja na likizo aliyoiacha. Shirika lisilo na akiba haliwezi kufanya hayo ndani ya wiki moja. Tunashauri litengwe fungu la karibu asilimia 2 ya mshahara wa msingi kila mwezi kwa ajili ya malipo hayo, kwenye akaunti isiyoguswa, na liwekwe wazi kwenye bajeti ya kila mradi. Wafadhili wengi hulikubali wakilielezwa tangu mwanzo. Hulikataa likija mwishoni kama ombi la dharura.

Basi kwa shirika linalotaka cheti kwa dhati, lijipe miezi 12 walau. Miezi miwili ya kwanza toa faili 10 kwa kufumba macho: 2 za mameneja, 3 za ofisini, 5 za watu wa kambini na magari. Andika kilichokosekana katika kila moja. Utapata picha halisi kuliko ripoti yoyote ya mshauri. Miezi mitatu inayofuata jitathmini. Hoji watu kwa makundi, wasimamizi wasiwepo, wanawake kwa wakati wao. Dodoso liwe la siri kweli. Ofisi yenye watu sita ukiuliza jinsia, idara na miaka ya kazi, umeshamjua kila aliyejibu, na wote watajibu kwamba mambo ni mazuri. Kundi lisilofika watu 5 majibu yake yaunganishwe na ya kundi jingine. Sanduku la malalamiko lisifunguliwe na mtu yuleyule anayelalamikiwa. Funguo ziwe mbili, moja ya mwakilishi wa wafanyakazi.

Miezi inayobaki ni ya kurekebisha na kuacha marekebisho yazae ushahidi. Hapa ndipo mwongozo wa wiki tatu unapoangukia. Sera iliyosainiwa mwezi uliopita haina kitu cha kuonyesha: hakuna aliyeitumia kuomba likizo, hakuna aliyeadhibiwa kwayo, hakuna lalamiko lililopokelewa na kujibiwa. Mkaguzi hutaka kuona jambo likitendeka, na kutendeka kunahitaji muda. Shirika lililopokea malalamiko saba na kuyajibu yote saba liko pazuri kuliko lisilo na lalamiko hata moja.

Kuwafundisha wafanyakazi majibu kabla ya ukaguzi ni kupoteza muda, tena ni kuwadhalilisha. Wakaguzi huongea na watu wengi mahali tofauti, wakiwemo wakimbizi wenyewe, na majibu ya kukariri hujitambulisha. Gharama hutegemea ukubwa wa shirika na siku za ukaguzi. Mashirika madogo ya wazawa yaulizie mfuko wa HQAI wa kuyapunguzia gharama. Na cheti kikipatikana, wakaguzi hurudi kutazama kama yaliyoahidiwa yametimizwa. Ofisa rasilimali watu akihama na kuondoka na maarifa yote kichwani, kila kitu huanza upya, kwa hiyo wafundisheni wawili.

Kwa wakurugenzi watakaosoma barua hii, wiki hii ombeni vitu vitatu vya mwezi uliopita viletwe mezani kwenu: daftari la safari la gari moja, orodha ya mishahara na kumbukumbu ya likizo. Mwiteni na dereva wa gari hilo, akae kitini, mvisome pamoja.

Ni sisi,
Maofisa rasilimali watu wa mashirika ya misaada,
Kigoma